Msimfute Baba Yenu

Vutieni viti huku, wanangu, mkae upande mmoja wa kitanda, si mmoja huku mmoja kule kama mashahidi wa kesi, maana shingo yangu haigeuki tena na sina pumzi ya kusema jambo mara mbili. Wewe kifunguamimba, zima hiyo simu. Na wewe kitindamimba, acha kulia, bado nipo. Utalia nikishaondoka, tena ulie vizuri.

Naanza na Chiriku. Tangu redio itangaze kifo chake nimemlilia kuliko nilivyomlilia shangazi yangu mwenyewe, na sioni haya kusema. Mnasema mwimbaji tu, hata hamkuwa ndugu. Ala! Mimi nilikuwa binti wa kuinamisha kichwa, naitikia "ndiyo" hata kwa swali nisilolisikia, mpaka nilipomsikia yule mwanamke akimwimbia bwana mmoja kwamba kama anamtaka apite mlango wa mbele, mchana kweupe, watu wakiona. Nikainunua kanda ile, nikaipiga mpaka utepe ukalegea, kisha nikarudi dukani kumwambia maneno yale yale kijana aliyeniuzia, ambaye kila siku alikuwa ananivizia uchochoroni. Akaja Jumapili, mchana, viatu vimepigwa rangi mpaka soli. Huyo ndiye baba yenu. Bila Chiriku, nyinyi wawili msingekuwepo hapa kunitolea macho.

Sasa ugomvi wenu. Redio wanataka nyimbo zake za zamani, na zimebaki kwenye kabati la duka letu. Wewe kifunguamimba ukaziingiza kwenye kompyuta, ukazisafisha makelele, na katika makelele ukamfuta baba yako. Dada yako akachomoa waya, mkatukanana mbele ya wateja, na leo mnapishana kwenye korido bila salamu.

Hukuwa umezaliwa, nisikilize. Kila duka la kurekodia lilitia sauti yake kwenye kanda ili wengine wasiikopi, na wengi walibweka tu juu ya mwimbaji bila adabu. Baba yenu alisubiri pale gitaa linaponyamaza kabla ya kiitikio, ndipo akasema kwa ile sauti yake nzito, "Ongeza sauti, jirani hajasikia!" Basi. Mji mzima ulinunua kwetu, na mji mzima ukaamini hayo ni maneno ya wimbo. Siku Chiriku alipokuja kuimba uwanja wa mpira, akafika pale, akanyamaza avute pumzi, na uwanja wote ukanguruma, "Ongeza sauti, jirani hajasikia!" Maskini, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akawatazama wapiga gitaa, wapiga gitaa wakatazamana. "Jamani, hayo nani kawafundisha?" Vidole vyote vikamwonyesha baba yenu, ambaye alikuwa anajificha nyuma yangu, mtu mzima na kimo chake! Akaitwa jukwaani, nikajua leo tunafungwa kwa kuuza nyimbo zake bila ruhusa. Chiriku akampa maiki: "Sema wewe, nisikie." Akasema. Yule mwanamke alicheka mpaka kilemba kikaanguka, na tangu hapo kila alipokuja kwetu alinyamaza pale, akatusubiri.

Makelele yako wapi hapo, mwanangu? Juzi redio walipopiga ile moja uliyowahi kuisafisha na kuwapelekea, nilipaza maneno yale peke yangu humu kitandani, na dada yako akaja mbio na beseni akidhani natapika. Nilisubiri sauti ya mume wangu, haikuja. Baba yenu nilimzika mara moja, ikatosha. Najua ulitaka kumpendezesha marehemu Chiriku, sikulaumu sana, lakini hizo za kwenye kompyuta zifute, na redio uwapelekee kanda kama ilivyo. Wakiikataa, irudi kabatini.

Yule wa duka la ng'ambo ya barabara, aliyekuwa anakopi kanda zetu na sauti ya baba yenu humo humo bila hata kuona haya, mwacheni aje kunizika. Mpeni kiti cha mbele. Maiki msimpe.

Na huu ndio urithi. Duka na kabati la kanda ni lako, kifunguamimba. Ile deki ya kupigia, ambayo ndiyo pekee iliyobaki mjini inayozunguka sawasawa, ni ya dada yako. Msinitazame hivyo, nimelifikiria nikiwa na akili zangu timamu. Wewe utakuwa na kanda usizoweza kuzisikiliza, yeye atakuwa na deki isiyo na cha kupiga. Ukiitamani sauti ya baba yako utabisha hodi kwa dada yako, naye akiitamani atabisha kwako, na hakuna anayebisha hodi huku amenuna. Asije mtu kuwashauri muuze kimoja. Nimekataa.

Maji... kidogo tu. Inatosha. Mungu awape afya, awape watoto wenye vichwa vigumu kama vyenu, mkome... Nacheka, msiogope. Nawapenda nyote, sawasawa, wala msipimiane... Mbona mmenikamata mikono yote miwili? Niachieni. Mimi naondoka, mnabaki nyinyi. Shikaneni wenyewe... Wewe mkubwa, anza. Haya... Msiachiane kabla sijalala.