Nusu Chupa Dirishani

Katika bajaji iliyotoka Matema, Odilia alimpakata mwanawe Kasian, akajifanya anatazama mpunga. Ilikuwa miezi minane tangu ahamishiwe huku kufundisha, na mazungumzo mengi aliyoyasikia yalikuwa ya wengine.

“Usaha ni uchafu unaofukuzwa na mwili,” alisema mama muuza vyungu, vyungu vyake vimefungwa majani makavu ya mgomba. “Sikio la mjukuu wangu limekauka siku ya tatu ya dawa. Dawa iliyobaki nimeitunza, itafaa akiugua tena.”

“Mama wee!” aliguna jirani yake, tabibu mstaafu. “Askari wa mwili wa mtoto bado wanajifunza kazi. Ukikatisha dawa, bakteria waliobaki wanajipanga upya, mwisho mtoto hasikii.”

“Mimi nimekua bila chupa yoyote, na nasikia mpaka umbea wa Ipinda.”

“Umbea unausikia. Ushauri ndio hauingii.”

Wakacheka. Odilia naye alicheka, akiwa amechelewa kidogo. Nyumbani kwake, dirishani, ilisimama nusu chupa ya dawa kama hiyo, ya sikio la Kasian. Alitamani kuuliza, ila hakujua aanzeje.

Bajaji ikasimama Ipinda. “Ndaga,” mama akamshukuru dereva, wakashuka wote wawili wakiendelea kubishana.

Odilia aliinama, akamwita mwanawe polepole kwenye sikio la kushoto. Kasian hakugeuka. Akamwita upande wa kulia, mtoto akacheka.

“Dada, wewe unashukia wapi?” dereva aliuliza.

Tangu asubuhi hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

“Hospitali,” alisema.