Kwa Nini Tunafunga Éditions Ufuko

Mheshimiwa Mwakilishi wa Chifu, Baba Mchungaji Watson, ndugu zetu Wazambia mliotupokea, waandishi wetu, na ninyi wasomaji wachache wa Kiswahili hapa Nchelenge: nawasalimu wote kwa heshima. Mnisamehe, leo hakuna kwaya.

Mlizoea kuniona mimi, Priscille, nikisimama mbele yenu kutangaza kitabu kipya. Leo natangaza kwamba Éditions Ufuko, nyumba yetu ndogo ya kuchapisha vitabu, inafunga mlango. Na kwa kuwa mengi yamesemwa sokoni, ni haki yenu kusikia kutoka kinywani mwangu.

Wengi mnamjua Baba Baudouin. Alivuka ziwa akikimbia vita, bila mke wake Mama Sagesse, akaishi kati yetu miaka mingi bila kumtaja. Kisha akaandika. Aliandika juu ya asubuhi ile ya ukungu, watu wamejazana ufukoni, na mtu mmoja akiondoka na mtumbwi wenye nafasi, akipiga kafi huku wakimwita. Mama Sagesse alikuwa ameingia majini mpaka kiunoni. Risasi zilimkuta hapo. Je, yuko aliyesoma ukurasa huo asiweke kitabu chini kwanza, apumue?

Tulikisoma kwa sauti kanisani kule Kabuta. Ndugu Ruffin alikuwepo, yeye ndiye aliyetubebea maboksi ya vitabu kwa baiskeli yake. Nani hakumjua Ruffin, shemasi, mtu wa kwanza kufika penye msiba na wa mwisho kuondoka? Baudouin alipomaliza kusoma, Ruffin akasimama.

"Baba Baudouin, ule mutu wa mu bwato, ulimujua?"

"Hapana. Kulikuwa brouillard, ukungu mingi. Niliona tu mugongo."

"Ni miye," akasema Ruffin. "Nafasi ilikuwako. Niliogopa."

Hakuna aliyesogea. Mkewe, Mama Chouchou, alimtazama kama anamwona mara ya kwanza. Ruffin akachukua kofia yake, akatoka.

Wiki ile ile alipanda boti la wachuuzi akarudi Kongo, peke yake, mpaka ufuko ule. Wachuuzi haohao ndio waliotuletea habari: alikaa pale akikataa chakula, homa ikamshika, wakamzika.

Baudouin alikuja kwangu. "Mama, usiuzishe tena kile kitabu. Nilitaka tu bantu bajue vile Sagesse alikufaka. Sikuandika kusudi niue mutu."

Tangu siku hiyo hajaandika hata mstari. Anashona nyavu Kabuta, na ukimsalimu anaitika bila kuinua kichwa. Naye Mama Clotilde, ambaye hadithi yake ilikuwa tayari kwenda kwa mpiga chapa, alikuja kuichukua. "Bantu ba mu histoire yangu bangali bazima," aliniambia, "na bengine tunasali nabo kanisa moya." Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wakichukua karatasi zao bila kuniangalia usoni. Je, nyumba ya vitabu isiyo na mwandishi ni kitu gani, kama si chumba chenye kufuli?

Miaka yote niliwaambia waandishi wetu waandike ukweli, kwa sababu ukweli utatuponya sisi tuliokimbia na wale waliobaki. Nani alipona? Nitajieni mmoja.

Leo asubuhi nilimwendea Mama Chouchou, ambaye sasa ni mjane, kumwuliza nifanye nini na vitabu vilivyobaki. Nilikuwa tayari kuvichoma, akitaka. Alikuwa anaanika samaki, akaendelea kuanika.

"Usivichome, Mama," akasema. "Havikudanganya. Lakini kwangu usilete hata kimoja."

Bado vimo ndani ya maboksi. Sijui nivipeleke wapi, na sijui nimwulize nani mwingine.

Nawashukuru kwa kuja, na kwa kukaa kunisikiliza mpaka neno hili la mwisho.