Alama ya Saba ya Alexis

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mchungaji Yves, wazee wa jumuiya, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mama Ummi, uliyekataa kiti cha mbele mpaka tukakuburuta: karibuni Malvern, na poleni na mvua. Mimi ni Hugues, fundi cherehani wa Jules Street. Nimepewa dakika tano kumuaga Mama huyu, mkalimani aliyetusemea miaka kumi na tisa katika ofisi ya mawakili kule Braamfontein. Hazitoshi, lakini mke wangu ana saa mkononi na ananitazama.

Mnaikumbuka ile kanuni ya mwaka jana? Ofisi ya vibali vya wakimbizi ilijitungia yenyewe: kila Alhamisi majina yasomwe getini, kila jina mara tatu, na asiyeitikia faili lake lifungwe, lake na la wote walioandikwa chini yake. Nasi tukafanya nini? Tukasaidiana kama tulivyozoea. Mwenzako yuko kazini Midrand, unamwitikia: "Yupo!" Karani haangalii sura, anatia alama, anaendelea.

Mwezi wa saba mwaka huu, siku ya Jumanne, ndugu yetu Alexis alifariki. Jumatano nilikwenda mochwari kumvika koti la kahawia nililomshonea mwenyewe. Alhamisi jina lake likasomwa. Ndugu zangu, mdomo ulitangulia akili. Nilisema, "Yupo."

Alhamisi zilizofuata na wengine wakamwitikia, kwa kumhurumia mjane wake Candide na watoto, maana vibali vyao vilitegemea faili la marehemu. Hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo. Candide alipokwenda kuomba cheti cha kifo, aliambiwa mume wake yu hai, ameitikia wiki hii. Bila cheti, mochwari haitoi mwili. Miezi minne dada yetu amekuwa mjane asiye na kaburi la kulilia, na sisi wenye huruma ndio tuliomfikisha hapo. Naona aibu kulisema mbele ya watoto wake.

Mama Ummi hakutugombeza. Alituketisha, akatutaka tukiri mmoja mmoja. Mimi mara mbili, Agnès mara tatu, Gradi mara moja. Jumla sita. Kitabu cha karani kilikuwa na alama saba. Ya saba ilitiwa siku ya mgomo wa teksi, siku ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyefika getini. Mama akamuuliza karani.

"Eish, mama, huyo namkumbuka," karani akajibu. "Mrefu, ana koti la kahawia. Alijiitikia mwenyewe. Alikuwa anatetemeka kwa baridi."

Mtaniuliza, Hugues, wewe unaamini? Mimi naamini uzi na sindano. Lakini tangu siku ile sijashona tena kitambaa cha rangi ile.

Mama Ummi akapanda basi hadi Cape Town, akaketi mbele ya kamati ya Bunge, akawasomea tarehe ya kifo iliyoandikwa na hospitali, kisha tarehe saba zilizofuata. Bunge likaikataa kanuni ile, na sheria mpya iliyotiwa saini mwezi uliopita inasema yote yaliyofanywa chini ya kanuni iliyokataliwa hayana nguvu. Kila "yupo" tuliyoisema imefutwa. Candide amepewa faili lake mwenyewe, na cheti kimetoka juzi. Ni nani mwingine angesafiri siku nzima kumwombea marehemu ruhusa ya kuwa marehemu?

Mama, wiki ijayo unarudi Tanga. Tutakukosa sana, na wengine humu tutalia ukishaondoka, tusikudanganye.

Kesho saa nne asubuhi tunamzika Alexis. Candide ameniomba niwasihi jambo moja. Mchungaji atalitaja jina la marehemu. Tafadhali, tunyamaze wote, mazoea yasitushinde. Na ukisikia mtu anaitikia, usigeuke kumtafuta. Mshike Candide mkono, sisi wengine tuendelee kufukia.

Asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza.