Scovia Akoth, Yule Mwalimu

Wasifu wa marehemu Mwalimu Scovia Akoth Onditi, unaosomwa na kaka yake, Wangwe, nyumbani kwa Boaz Onditi, Macalder, Jumamosi tarehe 27 Juni 1998.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 12 Aprili 1959, katika kijiji kilicho nyuma ya soko la Rodi Kopany, akiwa mtoto wa nne wa mzee Elkana, fundi seremala, na mama Mellen. Mvua ya siku ile iliangusha jiko, mama akajifungulia kwa jirani. Ndiyo sababu aliitwa Akoth, jina la msichana anayezaliwa mvua ikinyesha. Na kwa kuwa mvua ya huku hainyeshei boma moja, kina Akoth ni wengi. Scovia nalo lilikuwa jina la ubatizo lililopendwa sana na wazazi wa wakati ule. Kwa hiyo walikuwapo wanawake wengine wawili wenye majina hayohayo, nao wote wawili walijulikana Migori na Homa Bay. Leo wako hapa, wamekaa pamoja na wafiwa.

Alisoma shule ya msingi pale Rodi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha sekondari hadi 1976. Alikuwa mrefu kuwapita wavulana wa darasa lake. Inasimuliwa kwamba mwalimu wa michezo alimkuta akichuma mapera bila hata kuinua visigino, akamwambia, "Wewe, acha hayo mapera, njoo ushike mpira." Ndivyo alivyoingia kwenye netiboli, na hakutoka tena. Mwaka 1979 alihitimu chuo cha ualimu.

Januari 1980 alitumwa Kisegi kufundisha Kiswahili. Shule haikuwa na uwanja. Mahali pekee palipokuwa tambarare akina mama walianika omena. Mwalimu mwingine angelalamika kwa mkuu wa shule. Yeye aliwaendea wenyewe, akakaa nao chini, akawasaidia kugeuza samaki, ndipo akasema, "Mama zangu, omena wakae hapa mpaka saa tisa. Baada ya hapo waingie mabinti zenu." Wakakubali. Mwaka 1994 mabinti wa uwanja huo, waliokuwa wakinuka omena kuliko sabuni, walifika fainali ya mkoa mjini Kisumu, wakashindwa kwa goli moja. Walilia njia nzima. Marehemu hakuwanyamazisha. Aliwaambia, "Lieni. Kitu kisichouma hamkukitaka."

Huko Kisegi ndiko alikokutana na Boaz Onditi, ofisa wa samaki, mtu mpole wa maneno machache. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982. Alipoletwa hapa Macalder, mama mkwe wake, Leonida, alishika kiuno: "Scovia Akoth tunaye tayari! Huyu wa pili tutamwita nani?" Wa kwanza alikuwa mwosha dhahabu, mwanamke aliyesifiwa kotekote kwa sababu shimo la wachimbaji lilipoporomoka, na wanaume wakasimama kando wakiomboleza, yeye aliingia na kamba kiunoni akawatoa wawili wakiwa hai. Basi bibi harusi akaitwa Nyar Rodi, yaani binti wa Rodi. Lakini wenyewe wawili waliitana "wajina", na kila likizo marehemu alikuwa akikunja sketi na kwenda kuosha mchanga naye, bila kupata hata punje.

Wa tatu ni mwimbaji wa nyimbo za injili wa Migori mjini, ambaye kaseti yake ilipigwa kila duka kuanzia mwaka 1992. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Siku moja watu wa harusi kutoka Homa Bay walituma pikapu Kisegi imchukue Scovia Akoth. Marehemu alipanda, akidhani ni wazazi wa mchezaji wake wamemwalika. Alipofika, akapewa kipaza sauti. Waliomfahamu wanajua sauti yake ilikuwa ya kuitia ng'ombe. Aliwaambia wageni, "Mimi si yule. Yule huimba. Mimi hupiga filimbi. Lakini naona kuna viazi havijamenywa." Akamenya viazi mpaka jioni. Mwimbaji aliposikia habari hiyo alikwenda Kisegi kumtafuta, na tangu hapo hawakupoteana.

Mungu aliwajalia marehemu na Boaz watoto watatu, Elkana akiwa wa kwanza, na mwaka huu walikuwa wakimngoja wa nne. Jumatatu tarehe 8 Juni uchungu ulimshika. Mtoto wa kike alizaliwa salama, lakini mama hakuacha kutoka damu. Alikimbizwa hospitali mjini Homa Bay kwa gari la samaki, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Boaz. Kesho yake asubuhi madaktari walisema damu ya akiba imekwisha, na ya Boaz haikulingana na ya mkewe.

Ratemo, mfanyakazi mwenzake Boaz, alikimbia sokoni kwa Abdullah, muuza kaseti mwenye spika kubwa mlangoni. Abdullah alizima muziki, akatangaza jina alilopewa: Scovia Akoth yuko hospitali, anahitaji damu, mwenye huruma aende. Haikupita muda ua wa hospitali ukajaa. Walikuja na Biblia, wengine wakiimba zile nyimbo za kwenye kaseti.

Boaz alizisikia kutoka wodini, akaelewa mara moja watu hao wamemjia nani. Ratemo alimshika mkono. "Ndugu yangu, nyamaza. Waache watoe damu kwanza." Boaz alimtazama mkewe, midomo yake imekuwa myeupe. Kisha akatoka nje.

"Samahanini," alisema. "Aliye humu si yule mnayemwimbia. Ni mwalimu wa Kisegi. Ni mke wangu. Hana kaseti."

Watu kadhaa waligeuka wakaondoka. Boaz amesema kwamba kila mgongo aliouona ukienda ulikuwa kama udongo unaomwagwa kaburini. Ndipo mama mmoja muuza samaki, Caren, ambaye hakumjua marehemu hata kwa sura, akakunja mkono wa nguo yake. "Kwani damu inauliza kama mtu anaimba? Nionyesheni mlango." Wengine wakamfuata. Mwimbaji mwenyewe alifika kutoka Migori mchana, akaingia katika foleni.

Damu ilipatikana, na marehemu akafumbua macho. Alimnyonyesha mwanawe. Boaz alipomweleza yaliyotokea uani, alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. "Ungenyamaza, Baba Elkana," akasema. Kisha: "Hapana. Afadhali hukunyamaza." Nyumba nzima iliamini amepona. Lakini figo zilikuwa zimechoka. Jumanne tarehe 16 Juni, saa nne asubuhi, alifariki akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, mkono wake mmoja ukiwa juu ya mtoto.

Ameacha mumewe Boaz, watoto Elkana, Mellen, Leonida na kitoto kichanga ambacho bado hakijapewa jina, wazazi wake wote wawili, kaka na dada, mama mkwe, wasichana wa netiboli wa Kisegi, na wajina wawili.

Jumatano ya wiki hii, turubai likifungwa, kijana mmoja aliita kwa sauti kutoka jikoni, "Scovia Akoth! Leta maji!" Alikuwa akimwita yule wa dhahabu. Boaz aliinuka kitini, akageuka, akaanza kutembea kuelekea sauti ile kabla hajakumbuka. Alisimama katikati ya boma, mikono imening'inia. Yule wa dhahabu aliweka ndoo chini, akamfuata, akamrudisha kitini. Kisha akawaomba watu wote kwamba katika boma hili, kuanzia siku hiyo, yeye aitwe kwa jina la mumewe.

Lala kwa amani, Nyar Rodi. Mungu akupokee.