Ng'oeni Osuri Ningali Hai

Sogeeni, wanangu, mnisikilize, sauti yangu haina nguvu ya kuwafuata huko mlangoni. Nasema Kiswahili, si lugha yetu, ili Moraa, mke wa Bonface, binti wa Kisii, asipitwe na neno, maana yeye ndiye atakayewakumbusha mkijifanya mmesahau.

Ng'ombe wote watatu ni wa mama yenu. Shamba la kando ya barabara ya Kosele ni la Bonface, la mtoni ni la Benta, na asiyetaka dada yake apate shamba aseme sasa nimjibu, asingoje ninyamazishwe na udongo. Hayo ni madogo. Kubwa ni kanisa lililo hapa bomani.

Nilipokuwa kijana, Waorthodoksi walinipeleka kisiwa cha Naxos, kule Ugiriki, kujifunza kuchora picha za watakatifu. Nikaona makanisa ya mawe yaliyojengwa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, mengine madogo hata watu kumi hawaenei, na monasteri mlimani isiyo na hata mtawa mmoja. Nikauliza mbona hayaanguki. Mama mmoja mwenye ndoo ya chokaa akanicheka, akasema kanisa dogo lina ukoo wake, na kila mwaka kabla ya sikukuu wajukuu hulipaka na kuliwashia taa, hata wale wasiosalimiana. Niliona wivu, wanangu, nikarudi nikajenga letu, la udongo na nyasi.

Lakini haraka haina baraka. Fundi nilimwacha peke yake, naye kwa mazoea akasimamisha osuri kileleni mwa paa, ule mti wa nyumba ya mwanamume mwenye boma, unaong'olewa akifa, na msalaba akauegemeza ukutani. Nilirudi nikaiona osuri juu, na badala ya kumkemea nikafurahi, kiburi tu. Basi likawa nyumba yangu, na kwetu nyumba ya marehemu haitengenezwi, huachwa ianguke. Bonface, nilikusikia ukimwambia Benta hivyo, na kwa desturi hukukosea. Nilikukasirikia mwezi mzima kwa sababu ulisema kweli.

Kwa hiyo ng'oeni osuri leo. Najua mnaogopa, kwamba kuing'oa mwenye nyumba angali anapumua ni kumtakia kifo. Mimi ndiye mwenyewe, na mimi ndiye ninayeamuru, sasa laana itampataje mtoto anayemtii baba yake? Bonface, chukua ngazi. Benta, umpe msalaba. Chokaa iko ghalani, magunia mawili, na kila mwaka kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Nikolao, msimamizi wa kanisa letu, mlipake pamoja, mkitaka kugombana mgombane mkishamaliza.

Usilie, Bonface, utateleza. Nawabariki, wanangu... nyumba zenu zisikose moto, mama yenu asilale njaa, watoto wa Moraa wawazike ninyi, msiwazike wao. Niinueni kidogo, dirisha liko mbali leo... Panda, mwanangu. Osuri ikishatoka uniambie kwa sauti, nisife nikiwa bado mwenye nyumba.