Sahihi ya Tano

ZUURA: Haloo? Nani mwenzangu?

MIRLAN: Mimi, dada.

ZUURA: Mimi nani? Huku mtandao unakwaruza tu—

MIRLAN: Mirlan. Mdogo wako.

ZUURA: Namba si yako hii.

MIRLAN: Ya dereva. Yangu imezima. Hamjambo huko?

ZUURA: Hatujambo. Leo ndo umekumbuka una kwenu? Jozi zimeanguka mitini wiki ya pili hii, kijiji kizima mikono myeusi kwa kuzimenya maganda, wewe tu wa kwako mweupe kama wa bibi harusi.

MIRLAN: Kazi, dada. Baba yuko?

ZUURA: Yuko kwenye mizinga.

MIRLAN: Saa sita hii ya mchana?

ZUURA: Nyuki hawana saa.

MIRLAN: Daktari Kasymbek amekufa.

ZUURA: Mungu amrehemu.

MIRLAN: Kapigwa risasi, jana jioni, kwenye kinu cha zamani. Wamemkuta leo asubuhi. Miguu mitupu, viatu vimepangwa pembeni. Kama wale wengine watatu.

ZUURA: Mungu amrehemu.

MIRLAN: Ushasema.

ZUURA: Sasa unataka nisemeje?

MIRLAN: Kila niliyempa habari hii leo ameniuliza kitu kimoja: nani kafanya. Wewe hujauliza.

ZUURA: [mkwaruzo] Husikiki, Mirlan, kata upi—

MIRLAN: Nasikika vizuri. Usinikatie. Miaka sita namsaka mtu huyu, wa kwanza mpaka wa tatu hakuacha kitu, hata maganda ya risasi anaokota. Jana kasahau moja. Lina nta, dada. Nta ya nyuki. Unamjua nani anayepaka risasi nta zisiingie unyevu?

ZUURA: Wawindaji wengi wana—

MIRLAN: Nitajie mmoja.

ZUURA: Wengi, si nimekwambia.

MIRLAN: Nimepiga magoti pale mbele ya askari wote, nimeliweka puani, na linanukia nyumbani.

ZUURA: Ongea polepole.

MIRLAN: Yuko karibu?

ZUURA: Barazani. Bunduki iko magotini. Anaangalia barabara.

MIRLAN: Mbona umesema mizinga?

ZUURA: Kwa sababu ndivyo ninavyosema! Miaka yote hii nasema mizinga, nasema kalala, nasema ana homa, ulimi ushazoea!

MIRLAN: Ulijua.

ZUURA: Wa kwanza sikujua. Yule mwenye mgahawa. Baba alirudi na koti lina damu, akasema amewachinjia watu mbuzi. Nikafua. Wa pili, koti lile lile tena. Nikajiuliza, mbuzi wa nani huyu kila mwaka? Nikafua.

MIRLAN: Na mimi nikaja kukuhoji. Ukaniambia baba hajanyanyuka kitandani siku tatu.

ZUURA: Ukaandika.

MIRLAN: Nikaandika.

ZUURA: Hukuuliza mara mbili, Mirlan. Mtu mpelelezi mzima. Kikombe chake cha chai kilikuwa bado kina moto pale mezani, wewe ukakisogeza upate pa kuwekea karatasi.

MIRLAN: Wote wanne ni wa kesi ya kaka Esenbek.

ZUURA: Ndo unaligundua leo? Hata kuku angejumlisha. Wale vijana wawili, watoto wa wakubwa, waliompiga kaka yetu mpaka akafa, eti hakuwapisha meza. Mwenye mgahawa aliyefunga mlango asitoke. Na daktari aliyeandika kwamba alilewa akaanguka ngazini. Baba alipoletewa mwanawe hana hata viatu, alisema neno moja tu: "Haya." Mimi nilidhani ameshukuru Mungu.

MIRLAN: Basi kamaliza. Sikiliza, dada. Kikosi kiko darajani, watu kumi na wawili kutoka mkoani. Nimeomba nitangulie, wamenipa nusu saa. Naja nimchukue mwenyewe, kwa mkono—

ZUURA: Usije.

MIRLAN: Wakija wao watamuua.

ZUURA: Usije, nakwambia! Hajamaliza. Daktari aliongea kabla ya kufa.

MIRLAN: Alisema nini?

ZUURA: Unajua alichosema.

[mkwaruzo]

ZUURA: Alimwambia, mzee, umehesabu vibaya. Karatasi ile ya kifo cha Esenbek ina sahihi tano. Baba karudi alfajiri, koti hakuvua, hata maji hakuomba. Akaniambia: mpigie mdogo wako, mwambie baba anaumwa, aje ale chakula cha mchana. Tangu alfajiri nimeishika hii simu mpaka imepata jasho, sijapiga. Mara ukapiga mwenyewe. Sema si kweli.

MIRLAN: Dada—

ZUURA: Sema daktari alikuwa anatafuta uhai tu, akataja jina lililomjia mdomoni.

MIRLAN: Ni kweli.

ZUURA: Ah!

MIRLAN: Nilikuwa na miezi minne kazini. Mkuu wa kituo aliniita, akaniwekea kalamu, akasema: Saini kama shahidi kwamba kaka yako alikuwa mlevi, mwili mnauchukua leo. Ukikataa, mwili unabaki hapa mpaka uchunguzi uishe. Wiki, mwezi, sijui. Ilikuwa Julai, dada. Joto lile. Mama ameshakata sanda, yuko mlangoni. Siku ile ulinipigia mara tano. Mama hali, mama hanywi, mlete kaka—

ZUURA: Nilikupigia.

MIRLAN: Sikulaumu.

ZUURA: Mama alikufa anakuombea. Eti wewe ndiye uliyemrudishia mwanawe.

MIRLAN: Najua. Nilikuwa nimemshika mkono.

ZUURA: Mweleze baba hivyo hivyo. Kama ulivyonieleza mimi. Labda— Subiri. Kiti kimelia. Anaingia. [kwa sauti kubwa] Ee, supu ya kondoo, ipo ya kutosha! Njoo tu, mwenyewe anaumwa kidogo, ana—

BABA: Lete simu.

ZUURA: Baba, anakuja, ameshasema ana—

BABA: Lete.

[mkwaruzo]

BABA: Mirlan.

MIRLAN: Shikamoo, baba.

BABA: Umekula?

MIRLAN: Bado.

BABA: Uko wapi?

MIRLAN: Kwenye mteremko, chini ya shule. Napanda kwa miguu.

BABA: Peke yako?

MIRLAN: Hapa nilipo, peke yangu. Nyuma kuna watu.

BABA: Wapo. Kunguru wote wa darajani wameruka. Jina lako uliliandika?

MIRLAN: Niliandika.

BABA: Kwa mkono wako.

MIRLAN: Wangu, baba. Walikataa kutoa maiti mpaka—

BABA: Nimesikia. Dada yako ananiona kiziwi.

MIRLAN: Basi unajua kwa nini.

BABA: Ningengoja. Angeoza, ningengoja. Ningekaa mlangoni kwao mwaka mzima na harufu yake, wakubwa wapite wakiziba pua.

MIRLAN: Mama asingeweza.

BABA: Hapo kweli. Yeye asingeweza.

MIRLAN: Weka bunduki chini, baba. Nakuomba. Nitakaa na wewe, popote watakapokupeleka—

BABA: Wale wanne nilimuuliza kila mmoja: kwa nini? Na kila mmoja alikuwa na sababu. Mwenye mgahawa alikuwa na watoto wadogo. Daktari alikuwa na mabosi. Wale vijana, pombe. Wewe, mama yako. Kila mtu alikuwa na kitu chake siku ile, mwanangu. Esenbek peke yake hakuwa na mtu.

MIRLAN: Alikuwa na mimi.

BABA: Njoo basi nikuone.

[kishindo]

ZUURA: Mirlan? Mirlan! Kaitupa simu, anatoka. Geuka! Rudi ulikotoka!

MIRLAN: Nimeshafika langoni.

ZUURA: Una bastola?

MIRLAN: Nimeiacha garini.

ZUURA: Mjinga wewe! Mjinga mkubwa!

MIRLAN: Lala chini, dada, kaa mbali na dirisha. Namwona. Mbona amezeeka hivi? Tangu lini—

ZUURA: Mirlan, ananyanyua—

MIRLAN: Baba. Ni mimi, ba—

[mlio mmoja]

ZUURA: Mirlan!

[milio mingi inapandana, kioo kinavunjika, mbwa anabweka]

ZUURA: Haloo? Haloo! We Mirlan! Haloo!

MIRLAN: [mkwaruzo] ...nipo.

ZUURA: Umepigwa?

MIRLAN: Hawa watu hawakungoja nusu saa. Walikuwa nyuma yangu kwenye miti muda wote.

ZUURA: Nimekuuliza, umepigwa?

MIRLAN: Tumboni, ile risasi ya kwanza. Kidogo.

ZUURA: Tumboni hakuna kidogo. Bana hapo. Bana kwa nguvu, kwa mikono yote.

MIRLAN: Baba je?

ZUURA: Kaanguka juu ya jozi tulizoanika. Hasogei.

MIRLAN: Mtazame vizuri.

ZUURA: Nimemtazama! Sasa nakutazama wewe. Umeegemea nguzo ya lango. Nakuona kabisa. Nakuja.

MIRLAN: Usitoke! Watakupiga na wewe, hawajui nyumba ina wangapi.

ZUURA: Wanasema kwenye kipaza sauti asitoke mtu. [anapaza sauti] Ni mimi peke yangu! Mwanamke! Sina kitu! Yule pale ni askari mwenzenu, ni mdogo wangu, anavuja damu! — Mirlan, kuna mmoja amenisikia. Anaongea na mwenzake. Wanaongea nini muda wote huo?

MIRLAN: Dada.

ZUURA: Niko hapa.

MIRLAN: Unadhani baba alitaka kunikosa?

ZUURA: Mkono ulimtetemeka. Nimeuona.

MIRLAN: Muongo wewe.

ZUURA: Ulimtetemeka!

MIRLAN: [anacheka, anakohoa] Haya.

ZUURA: Usicheke. Bana hapo. — Wamesema. Wanasema nitoke, mikono juu, yote miwili, vidole wazi.

MIRLAN: Toka basi.

ZUURA: Na simu nitaishika na nini?

MIRLAN: Iache.

ZUURA: Nikiiacha sitakusikia.

MIRLAN: Polepole, dada... usikimbie. Wakiona mtu anakimbia...

ZUURA: Sikimbii. Hapa na hapo ni hatua ishirini, hata hazifiki. Ongea na mimi mpaka mlangoni. Mirlan?

[mkwaruzo]

ZUURA: Mirlan, jibu. Hata kohoa. Nakuona, kichwa umekiinamisha, mimi nakuona. Mirlan?

[kimya]

ZUURA: Haya. Naiweka chini. Mikono yote miwili, wamesema. Naiweka chini.