Siku Nne Bila Pembe

Mwezi Machi jijini Indianapolisi hauna adabu: asubuhi theluji, mchana matope, na popote walipo watu watatu ni mpira wa kikapu tu. Kwenye kona ya Mtaa wa Ishirini na Tano, mbele ya duka la kinyozi, lipo benchi la chuma lililobonyea katikati kwa uzito wa wazee. Wazee hao hawaitani majina yao ya kweli. Refa anaitwa Refa kwa sababu, enzi zake za kazi ya posta, kila Ijumaa jioni alikuwa akipuliza filimbi kwenye mechi za shule. Takwimu ana hesabu za kila fainali kichwani. Njama, dereva mstaafu wa lori, haamini mechi yoyote aliyoshindwa kuitabiri. Wa nne ni Pembe, anayeapa kwamba ujanani alikuwa akifunga kutoka pembeni mwa uwanja huku kafumba macho. Jumatano hiyo Pembe alikuwa hajaonekana tangu Jumamosi asubuhi. Refa alikuwa ameamka saa kumi na moja, akavaa viatu, akakaa kitandani kungoja saa tatu ifike. Tangu mkewe Odessa afariki, maneno yake ya kwanza kila siku alikuwa akiyatamkia hapo kijiweni. Alipofika, kitu cha kwanza kukitazama ni ile nafasi ya Pembe, ya mwisho kulia. Ilikuwa tupu.

Njama alimimina kahawa kutoka kwenye chupa yake, vikombe vitatu.

— Mmesikia? Yule mchezaji, dogo Oakes, kahama tena, alisema. Chuo cha tatu ndani ya miaka mitatu! Hata begi hajafungua, kashaondoka.

— Analipwa, bwana, alisema Takwimu. Siku hizi vyuo vinalipa. Ungelipwa wewe uhame, ungekaa?

— Mimi ningekaa! Jezi ni jezi!

— Wewe umehama makanisa manne, Njama.

Refa alicheka, akapuliza kahawa yake.

— Tatizo si hela, alisema. Tatizo hatuwajui tena. Zamani mtoto anaingia chuo mwembamba kama ufagio, unamwona anakua, mwaka wa nne unamlilia akiaga. Sasa ukishamzoea tu, kaenda.

— Hisia hizo, alisema Takwimu. Leta namba. Mimi nakwambia, wale wa zamani walikuwa wanafunga pointi thelathini kwa mechi kabla mstari wa pointi tatu haujachorwa. Uwachoree huo mstari, wangefunga hamsini.

— Wangefunga hamsini kwa ringi ipi? Njama alisogea mbele. Ringi za vikapu vya siku hizi zimepanuliwa.

— Zimepanuliwa? aliuliza Takwimu.

— Nusu inchi. Kila kiangazi wanaongeza kidogo kidogo, usiku, viwanja vikiwa vimefungwa. Mpira nao wameupunguza uzito. Ndiyo maana watoto wanatupa kutoka katikati ya uwanja kama wanatupa maganda ya karanga.

— Njama, mimi nimepima ringi miaka ishirini na miwili, alisema Refa. Kabla ya kila mechi.

— Ulipima kwa kamba ya nani? Kamba si walikupa wao?

Takwimu alitikisa kichwa.

— Ukitaka siri ya kweli, ni watu wa televisheni, alisema. Nimepiga hesabu. Timu yenye jezi nyekundu ikicheza Alhamisi ina nafasi kubwa zaidi ya kwenda muda wa nyongeza. Muda wa nyongeza ni matangazo. Matangazo ni biashara.

— Nilisema mimi! alisema Njama. Na marefa wana kidude sikioni. Wanaambiwa, puliza, usipulize. Hata wakati wako, Refa. Ulikuwa nacho, wamekufutia kumbukumbu tu.

Hapo ndipo Pembe alikuwa na kawaida ya kupiga goti lake na kusema, "Upuuzi mtupu!" Hakuna aliyesema. Basi lilipita, likarusha matope, na wote watatu wakajikuta wanatazama upande wa kulia.

— Mzee wetu leo tena hayupo, alisema Takwimu.

— Mafua, alisema Njama. Au kahamia chuo kingine.

Hawakucheka sana. Refa aliangalia kahawa yake. Jana alikuwa amefikiri kumpigia simu, ndipo akagundua hana namba yake. Alitaka kuwauliza wenzake kama wanayo, akaona haya, kwa sababu alijua hawana. Hata namba zao wao hakuwa nazo.

Gari dogo la bluu lenye namba za jimbo la Tenesii lilisimama kando ya barabara. Akashuka mwanamke wa miaka arobaini na kitu, koti jepesi lisilofaa kwa baridi ile, macho mekundu ya mtu aliyeendesha usiku kucha. Alitazama bango la kinyozi, akawatazama wao.

— Shikamooni, wazee wangu. Samahani. Mnamjua huyu?

Akanyoosha simu. Picha ilikuwa ya zamani, mwanamume bado ana nywele, lakini tabasamu lilikuwa lile lile la upande mmoja.

— Pembe huyo! alisema Njama. Eti, Pembe alikuwa na nywele!

— Marahaba, binti yangu, alisema Refa, akainuka. Yuko wapi? Amepatwa na nini?

— Mimi ni mwanawe, Charisse. Natoka Memfisi. Jumamosi alipata kiharusi, jirani akasikia televisheni ikipiga kelele mpaka asubuhi, ndipo wakavunja mlango. Hospitali wamenitafuta siku mbili. Hatujaongea miaka sita, baba na mimi. Asubuhi hii nimemwona hospitalini; kuongea kwenyewe anaongea kwa shida. Kitu pekee nilichosikia vizuri ni kinyozi, Mtaa wa Ishirini na Tano. Kwa hiyo nimekuja.

— Pole sana, mwanangu, walisema wote, mmoja baada ya mwingine.

Njama alimpa kikombe chake mwenyewe. Takwimu, kwa kukosa la kusema, alimweleza kwamba baba yake aliwahi kukosa mitupo huru miwili kwenye nusu fainali ya jimbo, zikiwa zimebaki sekunde sita, na kwamba mpaka leo anadai sakafu ilikuwa na unyevu. Njama akaongeza kwamba baba yake hawezi kumvumilia kocha anayevaa fulana. Charisse alisikiliza yote. Hakuwa akiyajua.

— Daktari anauliza dawa anazotumia, alisema. Anauliza kama kuna mtu anayemwangalia nyumbani. Mimi sijui. Nyie mnamwona kila siku. Kati yenu, rafiki yake ni nani?

Njama alimtazama Takwimu. Takwimu alitazama viatu vyake. Miaka tisa walikuwa wamekaa naye bega kwa bega. Walijua anamchukia kocha gani na kwa nini, lakini hakuna aliyewahi kuuona mlango wake. Ile chupa ya kahawa, Njama aliitikisa bila sababu yoyote.

Refa alijua kwamba angedondoka yeye Jumamosi ile, hawa hawa wangesema ni mafua.

— Dawa zake sizijui, alisema. Twende, nikamwone.

Kule hospitali Pembe alionekana mdogo, mdomo umepinda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake. Charisse alibaki mlangoni. Refa alivua kofia, akasimama, hajui aanzie wapi. Benchini mtu haanzi, anadakia tu.

Pembe alifumbua macho. Alimtazama Refa, machozi yakateremka kwenye shavu lililopooza, naye hakuyafuta. Halafu akavuta pumzi na kuhangaika na ulimi.

— Na... nani ka... kashinda?

Mechi ya Jumamosi. Alikuwa ameanguka katikati yake. Refa aliiangalia peke yake sebuleni, akapiga kelele peke yake, akazima taa. Benchini walikuwa wameibishania siku nne bila hata mmoja kuisimulia.

— Nisikwambie mshindi, alisema. Nikuchezeshee yote.

Akavuta kiti mpaka goti likagusa kitanda, akaanza pale mpira uliporushwa juu: nani aliruka, nani aliudaka, kocha aliyekuwa ananung'unika kabla hata dakika haijaisha. Alitumia mikono. Alisimama kuonyesha faulo, akahukumu kwamba haikuwa faulo. Pembe alijaribu kubisha kwa mkono wa kushoto. Charisse, asiyejua mpira hata kidogo, alisogea taratibu, akakaa ukingoni mwa kitanda.

Kabla simulizi haijafika mapumziko, Pembe alisinzia. Refa alinyamaza, mkono mmoja ungali hewani.

— Walikuwa ngapi kwa ngapi? aliuliza Charisse kwa sauti ya chini.

— Thelathini na moja kwa ishirini na tisa.

— Halafu ikawaje?

— Ngoja aamke, alisema Refa, akaweka kofia magotini.